Mteja Wangu wa Kwanza Aliruka Ua

Madamu, mwalimu wetu wa ushauri, alirudi shuleni kwetu Matiliku kutoka kozi ya Kitui akiwa na jambo jipya: kusikiliza. Sisi tulidhani tunajua kusikiliza. Kumbe kusikiliza kwa kozi ni kukaa kitini, kunyamaza, usitoe ushauri, usicheke, na ukiulizwa swali ulirudishe kwa mwenyewe. Mtu akinyamaziwa vizuri, alisema, yaliyojificha ndani yake tangu utotoni yanapanda juu yenyewe. Akataka wanafunzi awafunze kazi hiyo, na wa kwanza kuchaguliwa nikawa mimi, mpiga kelele mkuu wa kidato cha tatu.

"Mimi, Madamu? Kunyamaza?"

"Watu wanakuja kwako tayari."

Wanakuja kucheka, nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu.

Kila Ijumaa alinikalisha tuchambue mazoezi yangu. Swali lake lilikuwa moja: "Na wewe ulihisi nini?" Nikajibu njaa. Akanyamaza. Nikaongeza kwamba ni njaa kweli, mahindi ya mchana yalikuwa yamegoma kuiva. Akazidi kunyamaza, mpaka nikajikuta namweleza habari za baba yangu ambazo hakuna aliyeuliza. Mwanamke hatari.

Mteja wangu wa kwanza (ndiyo, mteja, kama wa duka) alikuwa jamaa wa kidato cha pili aliyezoea kuruka ua kwenda kwao, ng'ambo ya mto wa mchanga. Kwa nini, hakusema, hata kwa kiboko. Dipiti, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa ameapa: akiruka tena, achukue sanduku lake aende kabisa. Madamu akaomba kwanza aongeleshwe. Yaani masomo ya jamaa yalikuwa mikononi mwangu, na mikono yenyewe nilikuwa nimeambiwa niiweke magotini.

Basi katikati ya somo la hesabu, jamaa akaitwa. Madamu akampeleka kachumba karibu na ofisi, akamgusa bega, akatuacha wawili na kufunga mlango taratibu. Nami nikakaa mbele yake, uso mpole, kimya.

Mtu yeyote aliyelala bweni angeona tulipokosea. Shuleni unaitwa kwa upole namna hiyo siku moja tu: siku mtu amekufa nyumbani. Siku zingine zote unaitwa kwa matusi.

Jamaa akanitazama. Mimi, niliyetolewa nje ya maombi kwa kucheka, leo nimenyamaza!

"Ni mwaitu?" akauliza. Mama yake.

Swali! Nikalirudisha kwa mwenyewe, kama nilivyofunzwa.

"Unafikiri ni mama?"

"Ngai!"

Kiti kikaanguka, mlango ukapiga ukuta, na mteja wangu akaruka ua mchana kweupe, dipiti akiwa dirishani.

Nilimpata mtoni, mchanga umemchosha miguu.

"Hakuna mtu amekufa! Nilikuwa nakusikiliza!"

"Unasikiliza nini na sijasema kitu?"

Ndipo akanieleza: mama yake alikuwa amepasuliwa tumbo, na simu ya shule ilitiwa kufuli kwenye duara la namba, mwanafunzi asipige. Basi alikuwa akiruka ua kwenda kuona kama bado anapumua.

"Turudi, utafukuzwa."

"Nishafukuzwa. Wacha nimwone."

Mama tulimkuta uani ameketi, anachagua ndengu. Alisikiliza kisa chote, akanigeukia.

"Wewe ndiye daktari?"

"Bado nasomea, mwaitu."

"Soma sana."

Akajifunga leso, akashika ubavu, akaja nasi polepole, akipumzika kila penye kivuli. Langoni dipiti alikuwa ameshatoa sanduku nje.

"Mama, huyu mtoto wako..."

"Mwalimu, nimesikia nimekufia hapa kwenu. Nikasema nije nione matanga."

Dipiti akakohoa. Akamtazama Madamu, Madamu akanitazama mimi, mimi nikatazama sanduku. Mama akaeleza habari za tumbo lake, na za mtoto asiyejua kuomba ruhusa. Mwishowe dipiti akaagiza kiti na chai, akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba kijana ataenda kwao kila Jumamosi mpaka mama apone, na apite langoni kama binadamu.

Jumamosi hii amepita langoni. Anatembea polepole kama mzee wa kanisa, makusudi kabisa, ili dipiti amwone vizuri.