Dada Yangu Alizikwa kwa Simu

Dada yangu alinizidi miaka michache tu, lakini nilimwita yaya maisha yangu yote, kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa Kisangani. Tulizaliwa kwenye maporomoko ya Wagenia, katika nyumba za wavuvi, ambako baba alikuwa na mitego yake kati ya mawe. Mimi mto haukunipenda. Nilijifunza kushona, nikahamia mjini na cherehani yangu. Yeye aliolewa Isangi, chini ya mto, akauza samaki wa moshi mpaka mume akafa na miguu yake mwenyewe ikachoka kusimama sokoni.

Kwa muda mrefu tulikuwa tunaonana kwenye misiba tu. Kisha mwanawe wa kiume, mpwa wangu, ambaye alikuwa amekwenda Johannesburg kutafuta maisha, alitutumia simu mbili zinazofanana, zile za kugusa kioo kwa kidole. Moja yangu, moja ya mama yake. Sikujua kuitumia, na yaya alijua kidogo kuliko mimi. Kusoma kulimpita, masomo yake yaliishia utotoni. Lakini alionyeshwa pale pa kubonyeza ili kurekodi sauti, na hapo ndipo alipoanzia na ndipo alipoishia. Mambo mengine yote ya simu hakuyataka.

Kila asubuhi, mke wangu akiwa bado anapuliza makaa ya chai, simu ililia na nilijua ni yeye.

"Mudogo wangu, umeamuka? Mi nimeamuka. Magoti inauma. Mvua ilinyesha sana. Samaki hakuna."

Nyuma ya sauti yake nilisikia jogoo na mtu anatwanga pondu, majani ya muhogo. Nilimjibu nikiwa kitandani, nikimweleza habari za mtaa, nani ameoa, nani amefukuzwa nyumba. Mke wangu alisema nimekuwa mzee wa kuongea na ukuta. Umeme wetu unakuja ukitaka, kwa hiyo mara nyingi nilipeleka simu kwa bwana mmoja mwenye sahani za umeme wa jua pale kwenye kona, nikaketi hapohapo kwenye benchi mpaka ijae. Sikutaka yaya anitafute anikose.

Mpwa wangu alipenda kumpigia mama yake kwa video. Shida ni kwamba yaya, akishasikia sauti ya mtoto wake, aliipeleka simu sikioni kama zile simu za zamani. Kijana aliona sikio, hereni na pindo la kitambaa.

"Mama, weka mbele! Mbele ya uso!"

"Niko nakusikia, papa. Usipige kelele." Papa ni baba, na ndivyo tunavyowaita hata watoto wetu wa kiume.

Kijana alinisimulia mwenyewe huku anacheka, akiniita tonton, yaani mjomba: "Tonton, sikio ya mama, hakuna mutu anaijua kunipita." Karatasi zake za huko hazikuwa sawa. Angetoka, asingeweza kurudi kwenye kazi yake ya ulinzi, na kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba ya Isangi. Miaka ikapita hivyo.

Mwaka ule wa mvua nyingi, sauti ya yaya ilianza kubadilika. Alisema maneno mawili, akapumua, akasema mengine mawili. Nilipomuuliza, alisema ni uzee. Binti yake, aliyekuwa anaishi naye, alinitumia picha ya miguu ya mama yake, imevimba, bila kumwambia. Niliichukua nikaipeleka kwa jirani yetu ambaye ni muuguzi. Aliivuta kwa vidole viwili mpaka mguu ukajaa kioo chote.

"Papa, hii ni maji. Moyo yake inachoka. Mumulete huku haraka."

Nilimtumia yaya sauti, nikimsihi apande boti. Jibu lilikuja mchana.

"Siendi. Mutoto wa Wagenia hawezi kufia mu baleinière katikati ya magunia ya watu. Kama unanitaka, kuja wewe."

Nilianza kutafuta nauli na nafasi. Siku chache baadaye ilifika sauti nyingine kutoka kwenye simu yake, lakini hakuwa yeye, alikuwa binti yake. Alisema, "Tonton, kuja," basi. Kesho yake asubuhi nilikuwa bandarini.

Baleinière ni boti ndefu ya mbao yenye injini nyuma, na abiria hukaa juu ya mizigo. Mke wangu alikuwa ameifunga simu katika mfuko wa plastiki, akanivika shingoni ndani ya shati kama mtoto. Tulipoachana na ukingo niliitoa, nikasema: "Yaya, niko kwa maji sasa. Ningoje." Lakini mtandao ulikuwa umeanza kukatika. Kwenye ujumbe wangu ilibaki alama moja, ile inayosema maneno yametoka kwako ila hayajafika. Niliirudisha simu kifuani.

Nilikaa karibu na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye katoni za sabuni na rozari mkononi. Tuliongea habari za bei na za watoto. Alinigawia ndizi. Nilimwambia ninakwenda kumwona dada yangu mgonjwa, naye akasema atamwombea, na nadhani alimwombea kweli, maana alihesabu punje za rozari mpaka zikaisha.

Karibu na Yangambi mtandao ulirudi. Hayo unayajua kwa masikio. Boti nzima ilianza kulia, mikoba, mifuko ya suruali, vifua vya wanawake. Simu yangu ilitetemeka, ikaacha, ikatetemeka tena, na haikunyamaza. Niliitoa, nikaisogeza mbali na macho ili nione. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa binti mmoja wa ukoo aliye Kinshasa: "Pole sana tonton. Mungu amupokee." Nikafikiri amekosea mtu. Uliofuata ulisema, "Yaya alikuwa mama ya wote." Niliusoma, nikarudi mwanzo wake, nikausoma tena.

"Mama," nilimwambia jirani yangu, "nisomee hizi. Macho yangu haioni vizuri."

Aliipokea akaanza kupandisha kwa kidole, taratibu, kutafuta mahali habari ilipoanzia. Kisha kidole kikasimama.

"Papa, huyu yaya ni ule mugonjwa?"

"Ndiyo yeye."

Hakunirudishia simu. Aliiweka mapajani mwake, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Ameshatangulia, papa. Asubuhi, wakati tulikuwa tunatoka Kisangani. Donc bote banajua tayari."

Ndivyo ilivyokuwa. Kinshasa walijua, Kampala aliko binti yetu walijua, Johannesburg walijua, na walikuwa wameanza kupeana pole tangu asubuhi, mimi peke yangu niliyekuwa njiani kwenda kwake nikila ndizi. Nilipoichukua simu tena, nilitafuta sauti yangu niliyomtumia. Alama zilikuwa mbili. Ilikuwa imefika. Binti yake aliniambia baadaye kwamba simu ya mama ililia mezani, kando ya kitanda alipolazwa, na wanawake waliokuwa wanalia chumbani wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nilifika jioni, nikakaa naye. Uso ulikuwa bado wake, umekonda kidogo tu. Lakini Isangi hakuna barafu wala nyumba ya baridi ya kuwekea maiti, na joto lilikuwa kali. Kulipokucha, uso ule ulikuwa umeanza kuvimba na ngozi imebadilika rangi. Binti yake alinivuta pembeni.

"Tonton, bafunge sanduku sasa. Sitaki batu bamuone hivi."

Nilikubali. Mimi ndiye ndugu wa kuzaliwa naye, na kwa desturi neno la mwisho lilikuwa langu. Fundi akapiga misumari.

Nyumbani kwa yaya mtandao ulikuwa wa kubahatisha, lakini makaburi yako mahali palipoinuka, na huko ulishika vizuri. Tulipolishusha sanduku kando ya shimo, simu yangu ililia. Alikuwa mpwa wangu, kwa video. Alikuwa amesimama mahali penye magari mengi, amevaa sare ya kazi, kofia mkononi.

"Tonton, nionyeshe mama."

Niligeuza simu, nikamwonyesha sanduku, maua, dada yake, katekista.

"Hapana. Nionyeshe mama. Uso."

"Bameshafunga, papa. Tangu asubuhi."

"Bafungue." Sauti yake ilipasuka. "Tonton, nakuomba. Nilikuwa naona sikio tu. Miaka yote sikio tu. Nionyeshe uso ya mama yangu mara moja, sitakuomba kitu ingine."

Watu wote walisikia, maana sauti ya simu ilikuwa juu na sikujua kuipunguza. Katekista alisema polepole kwamba sanduku likishafungwa limefungwa. Binti alikuja mbele yangu akasimama kati yangu na sanduku.

"Usifungue. Tonton, ile haiko sura ya mama tena. Kaka hakuona bado. Akiiona, atabaki nayo."

Nilimwangalia yeye, nikamwangalia kaka yake kwenye kioo, akilia kati ya magari ya watu, na mtu nyuma yake akipita bila kugeuka. Hakuna aliyenisaidia, na haikuwa kazi yao kunisaidia. Nilimwambia fundi atoe misumari.

Nilishika simu mwenyewe. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uwe hapo. Kijana akasema anaona giza tu, nisogee. Nikasogea. Picha ikasimama, ikarudi. Nikainama zaidi, karibu kabisa, huku harufu ikinipanda puani, nikasema, "Ni huyu, papa. Muage."

Picha haikusogea. Nilifikiri mtandao umekatika. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake:

"Huyu haiko mama."

"Papa, ni yeye."

"Huyu haiko mama yangu. Munazika nani? Tonton, mama iko wapi?"

Simu ikazima uso wake. Nilimpigia palepale, nikampigia tena, haikuingia. Watu walingoja. Binti alikuwa amekaa chini kwenye udongo, ameficha uso kwenye magoti. Nilimwambia fundi apige misumari upya, na mazishi yakaisha hivyo, bila mtu kuimba vizuri.

Niliporudi Kisangani, nilikuta kwenye kikundi cha ukoo cha simu kwamba mpwa wangu ameandika maneno marefu. Kwamba mama yake aliuawa kwa uzembe, kwamba tulimficha, kwamba mimi nilimwonyesha maiti ya mtu mwingine. Chini yake yalikuwa maandishi madogo kwamba ameondoka kwenye kikundi. Wengine wakaanza kuniuliza maswali. Mke wangu alinisomea yote kwa sauti bila kuruka neno, kwa sababu nilimwomba hivyo. Nilimtumia kijana sauti nyingi. Alama zilibaki mojamoja. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba kijana ameifungia namba yangu.

Miezi ikapita. Asubuhi simu ikawa kimya, nami niliendelea kuamka saa ileile. Binti ya yaya alipokuja mjini kutibiwa jino, alilala kwetu, na jioni baada ya kula alimpigia kaka yake kwa simu yake mwenyewe, sauti ikiwa juu, mimi nikiwa nimekaa kando. Hakumwambia kwamba nipo. Alimweleza kila kitu kwa utulivu: joto, rangi ya ngozi, jinsi alivyoosha mwili wa mama yao kwa mikono yake, na kovu la kisu cha samaki kwenye kidole gumba, ambalo alilishika kabla ya kufunga sanduku. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua ni mama," alisema. "Palepale nilijua. Lakini kama nilikubali, ingekuwa kweli amekufa. Na mi niko hapa, kwa parking ya wazungu."

Dada yake alimwambia, "Tonton iko hapa."

"Najua kama iko hapo. Nasikia kukohoa yake."

Alisalimia. Nami nikasalimia. Hatukusema mengi zaidi, na mpaka leo hatusemi mengi. Ananitumia salamu siku za sikukuu. Dada yake hajanilaumu kwa kinywa, ila aliniambia asubuhi ile ya kuondoka, akiwa anafunga mfuko wake, kwamba yeye sasa akifumba macho hamwoni mama yake mzima. Anamwona kama alivyokuwa ndani ya kile kioo, mdogo, ukubwa wa kiganja. Nilimsindikiza bandarini.

Mke wangu naye amenipa agizo. Alikuwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa.

"Mi nikikufa, hakuna simu kwa kaburi."

"Na binti yetu iko Kampala? Kama hawezi kufika?"

Aliendelea kuchambua, akatupa mchanga kwa kuku.

"Alors aje mapema," alisema. "Umuambie leo."

Nilichukua simu nikatoka nje kutafuta mtandao.