Kitita Kilichokatwa Kizuizini

Mwaka ule serikali ilipotuma wanajeshi wasaidiane na polisi kung'oa bangi na kumwaga chang'aa, sisi wa Muthara tulidhani jambo hilo halituhusu. Kwetu hakuna mtu anayelima bangi, au kama yuko hajaniambia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ninachojua ni kwamba lori la jeshi liliegeshwa kwenye kona ya kuelekea sokoni, kukawekwa magogo na misumari barabarani, na kuanzia hapo kila aliyepita na mzigo akawa na la kueleza. Walikuwa vijana wapole, kusema kweli. Shida ni kwamba walitoka mbali.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa amepata mchumba ng'ambo ya mto. Baba yetu alishafariki, kwa hivyo posa ilibidi ipelekwe na baba mdogo, nami nifuatane naye kama dada mkubwa. Baba ya msichana hakutuficha kitu: mwenye duka la mabati pale sokoni naye alikuwa anamtaka, na wazee wake walikuwa njiani kuja. Ilikuwa lazima tuwahi, na kuwahi kwetu ni kupeleka ncoolo. Hicho ni kitita cha miraa iliyochumwa asubuhi hiyo hiyo kutoka miti ya zamani, kikafungwa kwa majani ya mgomba na kamba ya mgomba. Miraa kila mtu anayo. Kinachohesabika ni ile kamba. Anayeikata ni baba ya msichana peke yake, na akiikata amekubali. Asipoikata, mnaaga mnaenda zenu.

Jumamosi tukashuka kwa miguu, baba mdogo amevaa koti lake la harusi na mazishi. Kizuizini mwanajeshi mmoja akanyoosha kidole.

"Mzee, hiyo ni nini?"

Mtu mwenye akili zake angesema ni miraa, ambayo si haramu, na tungepita. Baba mdogo alikikumbatia kile kitita kifuani akajibu, "Hii haifunguliwi."

"Haifunguliwi na nani?"

"Na wewe."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nikaingilia, "Afande, ni miraa tu, tunapeleka posa." Akaniuliza, kama ni miraa tu, mzee anaificha kwa nini? Sasa ungemjibu nini? Baba mdogo alikuwa amekodoa macho, jasho linamtiririka. Hata mimi ningemshuku.

Kisu kikatoka. Kamba ikakatika, majani yakafunuka, na ndani, bila shaka, miraa.

"Kumbe ni miraa kweli," yule kijana akasema. "Pole, mzee." Akainama akatusaidia kuokota vijiti vilivyoanguka. Sikuwa na hasira naye. Uongo huo. Nilikuwa na hasira hadi meno yakaniuma, ila nilijua anafanya kazi aliyotumwa.

Nilitaka tukifunge upya tunyamaze. Baba mdogo akakataa katakata. Tukafika nacho vile vile, majani yananing'inia, tukakiweka mezani. Baba ya msichana alikitazama bila kukigusa.

"Nani amekata?"

"Serikali," baba mdogo akasema.

"Haya. Basi serikali imeshakubali. Mimi bado."

Alicheka peke yake, na si sana. Akatupa Jumamosi iliyofuata. Wazee wa mwenye mabati wangefika kesho yake, Jumapili, wakitoka kanisani. "Mkija nayo imekatwa tena," akasema, "msinisumbue."

Wiki hiyo mdogo wangu alikuwa anakula kama mgonjwa. Akaja na wazo kwamba aende kizuizini mapema akaongee na wakubwa wao. Nikamwambia, ukaongee nini, uwaombe ruhusa ya kuoa? Nilimwonea huruma lakini sikumwambia.

Jumamosi hatukupita barabarani. Tulikatiza mashambani, baba mdogo ambaye ni mzee wa kanisa na mimi madam wa darasa la sita, tumeinama katikati ya mahindi ya watu, na kila tukisikia lori tunachutama. Kitu halali kabisa, tumekishika kama mali ya wizi! Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alituona. Hakuuliza chochote, alituonyesha tu kwa jembe mahali mto unapovukika. Niliona aibu, aibu hasa, na sikujua nimwonee nani.

Tukafika, kamba nzima. Baba ya msichana akauliza tumepitia njia gani.

"Barabarani," baba mdogo akajibu bila kupepesa macho. Tangu nizaliwe sikuwa nimemsikia akidanganya.

Mzee akatazama suruali ya baba mdogo iliyolowa hadi magotini. Akatazama sketi yangu iliyojaa vishona nguo. Mzee akachukua kisu akakata kamba.

"Mimi mwenyewe nikipeleka maziwa siku hizi napita huko huko," akasema, akamwita binti yake alete chai.