Ng'ombe wa Harusi ya Modesta

Kisu cha Swedi Chenge kilikuwa kimenolewa mpaka kikabaki chembamba kama unyasi, lakini hakuna mtu katika ghuba ile, upande wa Sengerema, aliyethubutu kumshauri anunue kingine. Kilitoka pwani kwa miguu pamoja na babu yake. Tangu hapo ng'ombe wa harusi, wa msiba na wa Krismasi wote walichinjwa kwa kisu hicho, ingawa wenye ng'ombe walikuwa karibu wote Wakristo. Swedi alipenda kutamba kwamba hakuna padri aliyekula Krismasi nyingi kumshinda yeye.

Asili ya jambo hilo waliijua hata watoto. Babu yake, Chenge, alikuwa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu mpaka pwani. Aliporudi alikuwa na kofia, dini mpya, na jina jipya ambalo mama yake alikataa kulitamka. Mdogo wake, Ngosha, aliyekuwa amemsubiri kwa muda mrefu bila kujua kama yu hai, akachinja mbuzi kwa furaha. Chenge akaitazama ile nyama, akainama, akasema hawezi kuila. Ngosha aliumia. Kaka mtu anarudi kutoka mwisho wa dunia, halafu anaikataa nyama ya mkono wa ndugu yake? Wakanuniana, kila mmoja na chungu chake, na mzigo wa kupika mara mbili ukamwangukia mama yao. Mama alipochoka alimvuta mbuzi mwingine, akamwita Chenge.

"Lete hicho kisu chako, umchinje wewe, kisha mle wote," alisema. "Mimi sikuzaa watoto wa vyungu viwili."

Wakala. Baadaye Chenge alijenga msikiti wa udongo kwenye rasi ya mawe, na watu wachache wakamfuata. Ngosha hakumfuata, na wajukuu zake walikuja kubatizwa. Chungu kilibaki kimoja.

Swedi aliishi palepale kwenye rasi, mgane, mvuvi wa mtumbwi mdogo. Ng'ambo ya ghuba alikaa Masele, mjukuu wa Ngosha. Walikuwa wamekua pamoja, na kuvuka kwenda kwa Masele kulikuwa jambo dogo: Swedi aliondoka kwake ugali unasongwa, akafika kwa mwenzake haujapoa.

Ndipo likaja gugu maji. Mwanzoni lilipendeza, tusidanganyane. Lilikuwa na ua la zambarau, na Modesta, mjukuu wa Masele, alikuwa akilichomeka kwenye nywele akienda kuteka maji. Swedi mwenyewe alipanda shina moja kwenye kopo akaliweka mlangoni, akalimwagilia kila asubuhi. Baadaye lilipoifunika ghuba, alilitupa kopo lile kwa hasira kana kwamba ndilo lililoanzisha balaa lote. Nyavu zilinasa, zikachanika. Magari ya kununua sangara, yaliyokuwa yakigombaniana mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, tangu biashara iwe huria, yalienda kutafuta fukwe nyingine. Wanawake walisukuma majani ili wapate ndoo ya maji yanayonuka, na mbu walinenepa kuliko watu.

Mwanawe Idrisa, aliyekuwa mjini, Igogo, akifanya kazi katika kiwanda cha minofu ya samaki, alimtumia ujumbe kwa mdomo wa mchuuzi: "Baba, njoo mjini. Unabaki huko umchinjie nani?"

Swedi alicheka mbele ya mchuuzi. Usiku hakucheka.

Harusi ya Modesta ilipangwa Jumamosi, mwaka ule wa mvua kubwa. Masele alikuwa ametenga dume jekundu, na Swedi alikuwa amekinoa kisu mapema, akakifunga kwenye kitambaa cheupe. Alipotoka kwenye swala ya alfajiri, alikuta ghuba imefungwa kabisa. Upepo ulikuwa umelisukuma gugu lote upande wake. Aliingiza mtumbwi hivyohivyo. Alisukuma kwa upondo, akang'oa kwa mikono, akafika mahali ambapo hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Hadi alipojinasua jua lilikuwa juu na viganja vinatoka damu. Akajaribu njia ya nchi kavu, ile ya kuzunguka bwawa, akakuta maji yanamfika kifuani. Kwa umri wake, akarudi.

Alikaa juu ya jiwe mbele ya msikiti, akasikia kwaya ng'ambo, kisha ngoma. Akaona moshi mnene wa majiko ya karamu.

"Wamechinja," alijiambia.

Wangefanyaje, na wakwe wako mlangoni? Hakuwalaumu, ila moyo ulimuuma, na kwa mara ya kwanza maishani alimwonea huruma Ngosha, ambaye hakuwahi hata kumwona. Kumbe kuachwa nje ya chungu ndiko huku. Idrisa alikuwa amesema kweli. Jioni ile Swedi alikunja mkeka na nguo zake mbili tatu.

Usiku upepo uligeuka. Asubuhi ghuba ilikuwa wazi, maji yanameta kama hayajawahi kutenda kosa. Swedi akavuka kwenda kuaga. Kisu alikichukua pia, amwachie Masele kiwe kumbukumbu.

Suzana, mke wa Masele, alikuwa anafagia majani ya harusi.

"Karibu, shemeji. Tulikuwa na wasiwasi juu yako."

Macho ya Swedi yalikuwa yameshaenda kwingine. Kwenye nguzo ya zizi alisimama dume jekundu, amefungwa kamba, anacheua.

"Huyu si ndiye?" aliuliza.

"Ndiye," alisema Masele akitoka ndani. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Kaa, ndugu yangu."

"Wageni walikula nini?"

"Kambale. Mjukuu wangu Shimba na vijana wenzake waliingia na mikuki kwenye hilo gugu lako, wakawatoa wa kutosha. Samaki hahitaji kisu. Wakwe wamekasirika. Wanasema sisi ni wabahili, tunaoza binti kwa kambale, na ng'ombe anawatazama. Watalisema hilo mpaka mwaka kesho."

"Mngemchinja tu. Mwislamu ambaye asingekula ni mimi mmoja tu."

"Shimba alisema hivyohivyo. Akaanza hata kutafuta panga." Masele alitabasamu. "Modesta akatoka na shela yake, akasimama mbele ya zizi. Akasema hataolewa kwa vyungu viwili. Na mimi sikuwa na la kuongeza."

Swedi aliketi kwenye kigoda. Kisu kilikuwa mapajani, kwenye kitambaa chake.

"Na kama ningekuwa nimekwenda zangu Igogo, nisirudi?"

Masele alimtazama dume, akafikiri.

"Angezeeka," alisema.

Swedi alifungua kitambaa. Kisu kilikuwa kikali, alikuwa amekinoa mwenyewe, lakini aliomba jiwe. Suzana akamletea. Akainama, akakinoa upya taratibu, na kwa muda mrefu hakuinua uso.