Mwaka Tulioshiba Mahindi

Mahindi ya msaada yakichemka yana harufu yake, wallahi, na mpaka leo nikiinusa popote naitambua mara moja. Si harufu mbaya. Ni harufu ya gunia, ya vumbi la ghala, na ya maji yanayotokota tangu asubuhi mpaka adhuhuri huku punje zikikataa kulainika. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Iftin, hapa mjini Garissa, vyumba viwili vya mabati na ua wa miti ya miiba, na mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya tisini, harufu hiyo ilitoka kwenye ua wa kila jirani. Nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Hodan alikuwa na sita. Mvua zilikuwa zimekosa mara mbili mfululizo, na ngamia wachache waliotubakia, adeer yangu, yaani ndugu ya baba, alikuwa amewaswaga hadi upande wa Hulugho kutafuta malisho. Walipoondoka wao, maziwa nayo yakaondoka. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona siku ikipita bila maziwa ya ngamia, asubuhi na jioni, yenye ladha ya moshi wa kibuyu. Sasa tulikuwa na mahindi, maharagwe, mafuta ya kopo na chai ya rangi.

Na tulishiba. Nataka hilo lieleweke vizuri, maana watu wakisikia ukame wanadhani kila mtoto alilala na njaa. Mama alikuwa mtu wa kujivunia sufuria yake, na alitujazia sahani mpaka tukaomba basi. Wanawake wa mtoni walipita mlangoni na vikapu vya ndimu, maembe mabichi na sukuma wiki kutoka mashamba ya kando ya Tana, na mama aliwajibu salamu kwa adabu halafu akawaacha waende zao. Kwetu majani yalikuwa chakula cha mbuzi, na ndimu ilikuwa kitu cha kusafishia mikono iliyonuka samaki, na samaki wenyewe hatukula. Mwanamume wa heshima angeonekana akitafuna mchicha, jamani, angechekwa mpaka Wajir. Hakuna aliyetufundisha hivyo kwa ubaya. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi, na ngamia wetu walikuwa wametuwezesha kuishi hivyo vizazi na vizazi.

Siku moja alasiri mama alikuwa akimwogesha Hodan uani, mara akapiga yowe lililonifanya nidondoshe kitabu. Miguu ya Hodan, kuanzia magotini kushuka chini, ilikuwa na mabaka ya buluu na meusi, mengine mapana kama kiganja. Mama alipomgusa, mtoto alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena. "Nani amekupiga?" mama aliuliza, na Hodan alilia tu. Mama hakuhitaji jibu. Sote tulijua ni nani mtaani petu aliyeshika fimbo mbele ya watoto kila siku: maalim wa duksi, chuo chetu cha Kurani.

Maalim alikuwa kijana mwembamba aliyetoka mbali, upande wa Banissa, na hakuwa na ndugu hata mmoja Garissa. Alilala kwenye chumba kidogo nyuma ya duksi na kula chakula kilicholetwa kwa zamu kutoka nyumba za wanafunzi. Kwa hiyo alikula tulichokula. Mimi sikumpenda. Alikuwa mkali sana kwenye matamshi. Herufi ikikosea mahali pake mdomoni alikurudisha mwanzo, na mimi alikuwa amenivuta sikio mbele ya wenzangu. Lakini usomaji wake, Mungu ni shahidi wangu, ulikuwa mzuri mno, hata wapita njia walisimama kusikiliza.

Baba alikuwa mlinzi wa ofisi moja ya serikali, mtu mpole, lakini siku ile aliwaka hasira. Kumpiga mtoto wa watu hadi damu ivilie ni jambo la wazee, na wazee waliitwa. Walikaa kwenye mkeka nje ya duka la jirani, maalim akawekwa katikati, nami nikaitwa kama shahidi. Hebu fikiria, mtoto wa kike wa miaka kumi, wazee wenye ndevu nyekundu za hina wote wamenyamaza kumsikiliza yeye! "Ulimwona akimpiga dada yako?" Nikasema ndiyo. "Wapi?" Nikasema mguuni. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Maalim alikuwa amemgusa Hodan mguuni kwa ncha ya fimbo, kama unavyomgusa mwanambuzi aliyebaki nyuma, kwa sababu alikuwa akisinzia. Neno "alimgusa" lilikuwa ulimini mwangu nikalimeza, kwa ajili ya sikio langu.

Maalim hakujitetea. Alikuwa amejifunika mdomo kwa shali, akasema kwa sauti ndogo, "Nilimgusa. Sikujua kama imemuumiza hivyo." Watu wakatazamana. Kule kuficha uso tulikuona ni aibu ya mwenye kosa. Wazee walimkataza kufundisha, na kufikia Ijumaa hapakuwa na mtoto hata mmoja duksi. Watoto walipoacha kwenda, sahani za zamu nazo ziliacha kwenda.

Ajabu ni kwamba Hodan hakupona. Fimbo haikuwepo tena, lakini mabaka yaliongezeka. Akaacha kukimbia, kisha akaacha kutembea, akawa analala chali amekunja magoti kama chura na kupiga kelele tukimsogelea. Siku moja niliona damu kwenye mto wake. Mama alijua atampoteza, nami nilijua hivyo kwa kuutazama uso wa mama. Baba alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Sista aliyetupokea alikuwa Mpokomo, mtu wa mtoni. "Sista, huyu mtoto amebigwa," baba alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali. Sista hakuangalia miguu kwanza. Aliinua mdomo wa juu wa Hodan kwa kidole, na sote tukaona ufizi umevimba, rangi ya zambarau, ukitoka damu.

"Anakula nini huyu?" aliuliza.

"Anakula vizuri!" mama alijibu, ameudhika. "Anashiba kila siku. Mahindi, maharagwe."

"Maziwa?"

"Ngamia wako mbali."

"Matunda? Mboga?"

Mama alicheka kidogo, kwa mshangao. "Sista, majani ni ya mbuzi."

"Basi mbuzi wenu wana afya kuliko mtoto wenu," sista akasema, na hakuwa akitania. "Hakuna mtu aliyempiga. Hiki ni kiseyeye. Kuna kitu mwili unakihitaji, mlikuwa mkikipata kwenye maziwa ya ngamia, na mahindi hayana. Kikikosekana miezi, damu inavuja yenyewe ndani ya nyama. Mpeni ndimu, leo hii."

Ndimu! Baba alisimama pale mdomo wazi. Ndimu zilikuwa zikipita mlangoni kwetu kila asubuhi. Na mimi nilikuwa na mshtuko wangu wa peke yangu ambao sikumwambia mtu: kwa nini nilikuwa mzima? Kwa sababu shuleni rafiki yangu wa mtoni alinigawia maembe mabichi kwa chumvi, nikayala njiani kwa siri, nikapangusa mdomo kabla ya kufika nyumbani. Hodan alikuwa bado hajaanza shule. Sikuwahi kumletea hata kipande, nikiogopa atanisemea.

Hodan alinyonya ndimu na maji yake yenye sukari, na wiki haikuisha kabla hajaanza kunyoosha miguu. Lahaula, sote tulilia. Siku ile ile alipopiga hatua ya kwanza, baba alichukua mfuko wa ndimu akaenda duksi, nami nikamfuata. Tulimkuta maalim amelala kwenye chumba chake, shali imeanguka. Miguu yake ilikuwa na mabaka yale yale ya Hodan. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameshang'oka, na mengine yalikuwa yakicheza. Ndiyo maana alikuwa akificha mdomo mbele ya wazee. Baba aliweka ndimu chini akasema, "Sista amesema hii ni dawa." Nilingoja aseme mengine. Hakusema. Neno la kuomba radhi lilimshinda baba yangu.

Wazee walikaa tena, mara hii bila maalim kwa kuwa hakuweza kutembea. Wakasikia habari ya hospitali, wakatikisa vichwa, wakasoma Fatiha na kulifunga shauri. Na kwetu shauri likifungwa kwa Fatiha, hakuna anayelifungua tena. Kulitaja ni kuchokoza ugomvi. Maalim aliambiwa tu kwamba yamekwisha na kwamba anaweza kurudi kufundisha. Ndimu zilimwinua kitandani, lakini hakurudi. Zipo herufi za Kurani ambazo ulimi lazima uguse meno ya mbele, na yeye hakuwa nayo tena. Alisema hawezi kuwapa watoto herufi zilizovunjika. Akawa anauza nyasi za mifugo.

Leo Garissa ina maziwa ya ngamia kwenye chupa za plastiki, ndimu zimepangwa dukani, na vijana wetu wamenenepa kwa chipsi na soda huku sukari na presha zikiwaandama wazazi wao. Sahani iliyojaa bado inatudanganya. Tofauti ni kwamba siku hizi mtu anaweza kusoma. Juzi juzi nilikaa na simu yangu nikasoma mambo ambayo watafiti wanaandika sasa kuhusu maziwa ya ngamia na vitamini C, yameelezwa wazi kabisa, na nikashtuka jinsi yalivyokuwa rahisi. Nikainuka nikaenda kumtafuta maalim. Ni mzee sasa, anaishi kwa binti yake.

"Maalim," nilimwambia, "ni mimi niliyewaambia wazee kwamba ulimpiga Hodan."

"Ulisema kweli, binti yangu. Nilimpiga. Mtoto mdogo, mguu wake ukaharibika. Kisha Mungu akaniwekea mimi alama zile zile, akanitoa meno. Nilielewa. Naomba msamaha kila sala."

Miaka yote ile! Nikamweleza polepole, mahindi, maziwa, ufizi, kila kitu. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo haikuwa fimbo yangu?"

"Haikuwa fimbo, maalim. Ilikuwa chakula. Nawe ulikuwa unakula kile kile."

"Baba yako alijua?"

"Alijua."

"Na wazee?"

"Walijua."

Binti yake alikuwa jikoni, tulisikia sufuria zikigongana. Maalim aliinua mkono kuelekea kule.

"Sema tena," aliniambia. "Kwa sauti, yule asikie."

Nikasema tena, haikuwa fimbo.