Pikipiki Nyekundu ya Kompadre Zenón

Yocasta Peguero alikuwa msusi wa kwenda majumbani kule San José de Ocoa, mji uliozungukwa na milima pande zote. Kwa miaka alisafiri nyuma ya madereva wa pikipiki za kukodi, amekumbatia mashine ya kukaushia nywele, akisali kila kona. Siku dereva mmoja alipopokea simu katikati ya mteremko huku anacheka, Yocasta alimgonga bega, akashuka, akamaliza safari kwa miguu. Jioni akamwendea binamu yake Dilcia.

"Nataka yangu," alisema. "Nikianguka, nianguke kwa ujinga wangu mwenyewe."

Dilcia naye alibeba abiria, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hajawahi kumwangusha mtu. "Haanguki mtu hapa," alijibu. "Ila utanisikiliza, na najua kusikiliza hukuzoea."

Dukani Yocasta alikimbilia pikipiki ndefu ya bluu. Dilcia akamwambia aikalie. Miguu ikaning'inia.

"Ukisimama pale mlima wa makaburi utaegemea nini? Upepo? Shuka, mrembo."

Ndipo Zenón Batista aliposema anauza yake. Zenón ndiye aliyemsimamia mtoto wa Yocasta ubatizo, na tangu siku hiyo waliitana kompadre na komadre, wakaheshimiana kama ndugu wa tumbo moja. Aliuza kabichi na viazi, na sasa alitaka chombo cha magurudumu matatu.

"Kaa nayo kwanza, komadre," alimwambia. "Ukiipenda tutaelewana. Sisi ni watu wa kuandikiana?"

Ilikuwa nyekundu, inang'aa, kiti chake kiko chini. Yocasta aliikalia, nyayo zote mbili zikagusa ardhi, akacheka peke yake kama aliyepewa zawadi. Alinunua helmeti mpya. Dilcia aliishika kidevuni, akaizungusha kwa nguvu mpaka shingo ya Yocasta ikalia.

"Utaning'oa kichwa!"

"Vizuri. Kichwa kinageuka nayo. Ingegeuka peke yake ningekurudisha dukani."

Yocasta akatafuta buti za kufunika vifundo, glavu, na koti la marehemu mumewe. Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imeshakatika, wakaisukuma hadi uwanja wa besiboli. Dilcia akasema aiendeshe yeye kwanza kidogo, aisikilize. Aliondoka taratibu, sawa kama rula, akavuka uwanja, akageuka upande wa pili na kupunga mkono.

Yocasta hakupunga. Alikuwa anatazama tope. Pale alipopita Dilcia palikuwa na mistari miwili iliyobanana, mmoja mwembamba na mmoja mnene, toka mwanzo hadi mwisho.

"Dilcia!" aliita. "Mbona umeacha njia mbili?"

Dilcia alirudi anacheka, akatazama chini, kicheko kikafa. Akapita tena mahali pengine. Mistari ikawa miwili tena.

"Tairi la nyuma hukanyaga alikokanyaga la mbele," alisema polepole. "Ukienda sawa, unaacha mstari mmoja."

Aling'oa kiti, akakwangua rangi nyekundu kwa ufunguo. Chini yake ukatokea mshono wa kuchomelea, mnene kama kovu la kisu, umezunguka bomba la fremu. Upande wa pili, mwingine.

"Mama yangu," alinong'ona. "Hii si pikipiki. Ni nusu mbili za pikipiki."

Yocasta alikaa chini, topeni, na koti la marehemu. Hakuwaza chuma. Aliwaza uso wa Zenón akimwambia kaa nayo kwanza, komadre.

Waliisukuma hadi kwa Zenón. Walimkuta uani anapakia kabichi, binti yake Yaniris ameketi mlangoni anachana nywele.

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyomshika mwanangu kanisani?" Yocasta alipaza sauti, majirani wakatoka. "Ulitaka kunizika, kompadre? Sema tu!"

"Komadre, umeamkaje leo? Nini?"

Dilcia akainamisha pikipiki. "Shika hapo."

Zenón akashika. Akapitisha kidole kwenye mshono, akarudia, kama kipofu. Kisha akageuka kumtazama binti yake, na Yocasta akaona uso wake unapauka, mzee akawa rangi ya majivu.

"Kila asubuhi," Zenón alisema. "Kila asubuhi nashuka naye ule mlima."

Akaketi juu ya gunia. Hasira ya Yocasta ikakosa pa kukaa. Alijikuta anakimbilia maji.

Kumbe Zenón aliinunua kwa kaka yake, fundi kule mji mkuu. Akampigia hapohapo, simu wazi, watu wote wanasikia.

"Ulijua imeungwa?"

"Ah, Zenón! Si imekubeba miaka yote hii? Unalalamikia nini sasa?"

Zenón alikata simu, akaiweka juu ya kabichi, akaingia ndani, akatoka na msumeno wa chuma. Dilcia alidhani itachukua asubuhi nzima. Kwa mivuto michache tu ya msumeno, fremu ikaachia kwa mlio mfupi, na mavi ya chuma, yale mabaki ya kuchomelea, yakamwagika toka ndani ya bomba. Yaniris akaangua kilio. Nusu mbili zikalala uani, na majirani wakarudi makwao bila kuaga.

Yocasta alikaa wiki kadhaa bila kugusa pikipiki ya mtu. Akifumba macho alisikia ule mlio. Ni Dilcia aliyemburuta tena dukani, Yocasta akachukua ndogo nyeusi isiyo na urembo, mpya. Uwanjani ilimzimikia mara nyingi, klachi na gia zikigombana.

"Achia taratibu, mwanamke! Unakamua chungwa?"

Zenón alikuja kutazama, akasimama mbali. Yeye na kaka yake hawasemeshani hadi leo, na Yaniris huenda shule kwa miguu, hataki kubebwa.

Siku aliyoshuka mlima wa makaburi peke yake kwa mara ya kwanza, Yocasta alifika katikati, akaegesha pembeni, akakaa juu ya jiwe na helmeti kichwani. Mzee mmoja akasimamisha punda wake.

"Imeharibika, binti?"

"Hapana, baba. Yenyewe nzima. Ni mimi nangoja miguu yangu irudi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari. Baada ya muda Yocasta akainuka, akajaribu breki zote mbili, akawasha.