Jembe Alilorudisha Baba

Mpaka leo nikishika njia ya Columbus uso unaniwaka moto, na mnicheke tu, nimezoea, maana aibu yenyewe niliitengeneza kwa mdomo wangu, mbele ya kanisa zima, nikiwa nimevaa suti.

Mimi ni mtoto wa mchungaji. Warundi wenzangu mliokulia makambini Tanzania mnajua maana yake: unaitwa mtumishi kabla hujaota meno (nilikuwa naombea chakula cha wakubwa nikiwa na miaka mitano), na hakuna anayekuuliza kama umeokoka, wanaona umezaliwa na wokovu. Basi nikatoka kwetu mtaa wa Iroquois, Louisville, huku Amerika, kwenda Columbus kwa kina Neema, mchumba wangu, ili wazee wao wanione, na kwao mgeni wa namna hiyo haandaliwi chakula kabla hajasimama kanisani kushuhudia siku aliyotubu. Ya kwangu niliitafuta njia nzima sikuipata, nikaamua kuazima ya marehemu baba.

Nikasimama, nikasema Bwana asifiwe, nikaeleza nilivyoiba jembe la jirani kambini, nilivyolificha nyuma ya choo, nilivyosikia neno la Mungu chini ya turubai mvua ikipiga, na kesho yake nikalirudisha nikilia. Nilisimulia vizuri, jamani, kina mama wakafuta machozi, Neema akanitazama kwa fahari, nami (mdomo uliponza kichwa) nikaongeza kwamba mpini ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Hapo mzee mmoja akainuka taratibu safu ya mbele. Alikuwa baba mkubwa wa Neema, amesafiri kutoka Buffalo kwa ajili yangu.

"Mwanangu," akasema, "mpini ule niliufunga mimi. Jembe lilikuwa langu. Aliyelileta ni baba yako, na wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako."

Kanisa likacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilipomtazama mzee hakuwa na hasira, machozi yalikuwa yanamshuka, na mwili ukanisisimka wote: kati ya watu wote wa kambi ile waliotawanyika Amerika, Mungu alikuwa amemleta mwenye jembe na kumketisha mbele yangu. Sijawahi kuogopa namna ile, wala kuona kwamba ninajulikana namna ile.

"Baba yako alikuja na lake," akamalizia. "Nenda ukalete lako, ndipo tuzungumze habari za binti."

Nikarudi Louisville na njaa (pilau niliishia kuisikia harufu tu), na jembe langu la kurudisha nilikuwa nimeshalijua palepale niliposimama. Ghalani ninakofanya kazi niliwahi kuendesha foklifti, kile kigari cha kuinulia mizigo, nikagonga rafu ikaanguka nzima, nikaacha lawama zimwendee Bahati, Mkongomani mwenye watoto wanne, akafukuzwa. Jumatatu nikaanzia kwa msimamizi, nikamwambia ukweli, akaninyang'anya foklifti. Kutoka hapo nikaenda Shively, nyumbani kwa Bahati, nikasema yote nikiwa bado mlangoni, bila Bwana asifiwe.

Bahati akausukuma mlango ukafunguka wote.

"Nilijuaka ni weye," akasema. "Bon, ingia kwanza. Tulikuwa tunakuombea hapa kila siku."

Nililia kwenye kochi lake kama mtoto, watoto wake wakinishangaa, na kama mtaniuliza siku niliyotubu, ndiyo hiyo. Baba alihubiri miaka yote ile nikimsikiliza, na mimi nikaja kumwelewa kwenye kochi la mtu niliyemkosea.

Nikampigia mzee simu Buffalo, nikamsimulia bila kuongeza hata mpini.

"Njoo Columbus Jumapili," akasema. "Safari hii utakula."

Nilikula, na binti nikapewa. Ila ushuhuda wa mtu siazimi tena, hata uwe wa baba yangu mzazi.