Mistari Niliyoiambia Skripti Iruke

Kosa ni langu. Nalisema kwenu nisiowajua kwa sababu wa nyumbani nimeshindwa kuwaambia.

Ninatunza kumbukumbu katika hospitali moja hapa Singida. Madaktari bingwa wa macho walikuwa wanakuja kwa wiki moja tu, na wahudumu wa afya wa vijijini wakatutumia majina ya wagonjwa wa kuitwa. Kila mmoja aliandika anavyojua. Huyu katenganisha jina, kijiji na namba ya simu kwa mkato, yule kwa nafasi tupu, mwingine kwa alama ya mkwaju (/).

Nikaandika skripti, programu fupi ya kompyuta, ya kuyachambua. Yenyewe ilitafuta mkato tu. Ikikutana na mstari isioujua inasimama na kulalamika, na mimi nilitaka bosi aone kazi safi. Nikaiambia iruke, tena iruke kimya. Mwenzangu akaniuliza, "Umehesabu mistari iliyoingia na iliyotoka?" Nikamcheka. Jeuri yangu hiyo!

Bibi yangu, mama yake baba, anaishi Ilongero. Jicho moja lilishazimika kwa presha ya macho, la pili lilikuwa linafifia. Madaktari walipoanza kazi akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mume wangu," ndivyo anavyonitania tangu utoto, "nimeoga, nimevaa kitenge cha kanisani, niko barabarani nasubiri gari la hospitali. Mbona siitwi?"

Nikatazama orodha yangu. Hayumo.

"Bibi, kompyuta inasema zamu yako bado. Subiri mpaka madaktari watakaporudi."

"Haya. Kama ni wewe umesema, narudi ndani."

Orodha aliyoituma mhudumu wake ilikuwa humohumo kwenye kompyuta. Sikuifungua. Ningeifungua, ningemwona bibi mstari wa tatu.

Madaktari wakaondoka. Baadaye mhudumu wa kule, mama mmoja mpole, akaja ofisini kuuliza amekosa nini, maana katika watu wake hakuitwa hata mmoja. Ndipo nikafungua. Mikwaju mitupu, mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia orodha yake ilichelewa. Mungu anisamehe, nilimwambia hivyo nikimtazama usoni.

Nikamkimbiza bibi Dodoma. Daktari akampima, akaniita pembeni. Angefika mapema, alisema, lile jicho lingebaki. Sasa halirudi.

Juzi mimi na mke wangu tumempelekea bibi mtoto wetu wa kwanza. Akampapasa paji, pua, masikio, taratibu sana.

"Amefanana na nani, mume wangu?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi.

Yule mhudumu, bibi anamlaumu mpaka leo, akiamini ndiye aliyechelewesha orodha. Akipita na kumsalimia, bibi haitikii. Lakini mimi ananiombea kila siku, kwamba ndimi niliyehangaika naye mpaka Dodoma.

Wewe unayechambua majina ya watu kwa skripti, nakuomba sana, hesabu mistari yako. Ile inayorukwa iweke mahali utakapoiona, uisome mwenyewe, maana macho unayo. Na mtu akikuuliza jina lake liko wapi, usimjibu kabla hujafungua alichoandikiwa.

Jumapili naenda Ilongero kumwambia bibi ukweli, na yule mama awepo asikie. Hii ni Jumapili ya nne nasema hivyo.